Khanga Ilitoka Vizuri

Mume wangu Nkwabi alikuwa akipima watu kwa uzi kabla ya kuwapiga picha. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kirumba wanaomkumbuka wanamkumbuka hivyo, na kwa sababu bila huo uzi mimi leo nisingekuwa na la kusimulia. Ulikuwa uzi wa nyavu, ule mnene wa kuvulia sangara, ameufunga mafundo saba, ncha moja imekazwa kwenye stendi ya kamera. Ukishakaa kwenye stuli, Nkwabi anauvuta uzi mpaka usoni kwako, anaugusisha kwenye mfupa wa shavu chini ya jicho, anabana pale ulipogusa, anahesabu mafundo kwa vidole. Kisha anarudi kuzungusha pete ya lenzi. Pete yenyewe alikuwa ameichonga alama kwa kisu, alama moja kwa kila fundo. Baada ya hapo anapiga, mara moja tu.

"Nkwabi harudii," alikuwa akisema. Mimi nilikaa mezani mlangoni naandika majina ya wateja, na neno hilo nililisikia kutwa mara kumi mpaka likawa linanikera.

Wateja walimtania sana kwa uzi wake. "Nkwabi, mbona unanipima sanda ningali hai?" Wengine walivuta shingo nyuma kana kwamba anawachanja. Yeye alicheka tu, akasema mwenye haraka aende kwa wanaopiga picha kwa kubahatisha. Na kweli picha zake zilikuwa kali. Ungehesabu kope za mtu. Ukienda leo Kiseke, Usagara, mpaka huko vijijini Misungwi, utakuta kwenye kuta za watu sura alizozipiga Nkwabi, na utazijua bila kugeuza nyuma kutafuta muhuri.

Lakini hakuzaliwa na uzi. Kazi alijifunza ujanani kwa Mhindi mmoja mwenye studio mjini, na siku hizo alitumia jicho. Aliwahi kuniita nichungulie kwenye kioo cha kamera nione inavyokuwa. Katikati ya kioo pana duara dogo, na ndani ya duara sura ya mtu imekatika vipande viwili, nusu ya juu huku, nusu ya chini kule. Unazungusha pete pole pole mpaka pua ya juu ikutane na pua ya chini. Zikikutana, ndiyo fokasi. Nilijaribu kwa mwanetu Yakobo, alikuwa na miaka sita, na nilipoona pua yake inaungana nilicheka mwenyewe kwa furaha.

Uzi ulikuja baadaye, mwaka tisini na tatu hivi. Nilimuuliza wa nini, akasema Wazungu wa sinema wanapima hivyo. Nikaamini. Mimi si mtu wa kuamini kila kitu, muulizeni yeyote pale sokoni, lakini mume ukikaa naye miaka ishirini na mitano unaacha kumchunguza. Sikujua kwamba zile pua zilikuwa zimekataa kukutana. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu, akanyamaza, akajitafutia njia ya vidole.

Halafu ndiyo ikaja miaka ile ambayo kila kitu kiliruhusiwa kuingizwa nchini. Mitumba, redio, baiskeli, viatu vya plastiki, mji ukajaa vitu kutoka Dubai. Mjini likafunguliwa duka lenye mashine ya kusafisha picha za rangi kwa saa moja. Chumba chetu cha giza, na madawa yake, na kamba za kuanikia picha, vikawa vitu vya kizamani ndani ya mwezi mmoja. Vijana wakazuka na kamera ndogo shingoni, wanapiga watu harusini, kwenye ubatizo, sokoni. Nusu ya wateja wetu wakaondoka bila hata kutuaga.

Nkwabi alipambana. Mwishoni mwa mwaka tisini na tano alimwagiza Shaibu, mfanyabiashara aliyekuwa akifuata mizigo Dubai, amletee kamera inayojitafutia fokasi yenyewe. Ilikuwa mtumba, nyeusi, nzito. Unabonyeza nusu, lenzi inazunguka peke yake, inalia tii, na ndani ya kioo inawaka taa ya kijani. Nkwabi aliisikiliza ile tii huku kainamisha kichwa. Nilidhani anafurahia mchezo mpya, mtu mzima na kichezeo.

Sitaki mtu aje kusema mashine ilikuwa mbovu. Tuliipima. Nkwabi alipanga viberiti vitano kwenye kaunta, kila kimoja nyuma ya mwenzake na kimesogea pembeni kidogo, akalenga cha katikati, akapiga. Picha zilipotoka alinipa mimi. "Wewe unaonaje, Mama Yakobo? Kiberiti gani kimekaa sawa?" Nilijisikia mtu, ananiuliza mambo ya kazi yake. Nikamwambia cha nne. Yaani mashine ilikuwa ikikosea kwa nyuma, upana wa vidole vitatu. Ukilenga pua ya mtu, kilichotoka kikali ni sikio.

Tukaipeleka kwa Antoni, fundi saa. Antoni alifungua, akakuta skrubu ndogo kama punje ya ulezi, akaizungusha kidogo sana, akafunga. Tukapiga tena viberiti. Sasa kikawa cha pili. Akazungusha kurudi nusu. Mara ya tatu nikasema cha katikati, na kweli kilikuwa cha katikati, maandishi yake yote yanasomeka. Nkwabi akamshika Antoni mkono mpaka Antoni akaona haya. Siku hiyohiyo aliufungua uzi wa mafundo kutoka kwenye stendi, akauzungusha kwenye kigae cha chungu, akautia kwenye mtoto wa meza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, mkamwana wetu Odeta alirudi kutoka machimboni.

Yakobo mwanangu alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu ng'ambo ya ziwa, akaoa hukohuko bila harusi, akatuletea barua tu na baadaye akatuletea mke kutusalimia. Tulimpenda. Alikuwa mrefu, mcheshi, ana pengo dogo katika meno ya mbele, akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Yakobo alikufa mwanzoni mwa tisini na sita. Watu walisema kifua, nasi tukasema kifua. Sasa nimezeeka, siogopi kulitaja: ulikuwa ukimwi. Tulimzika, na miezi saba baadaye mkewe akaja kwetu Kiseke na mfuko mmoja na mtoto mgongoni. Mtoto ni Queen, alikuwa na miaka miwili. Vitu vingine vyote, pamoja na picha chache walizopiga na Yakobo, mwenye nyumba kule machimboni alivifungia ndani akidai pango, na baadaye tukasikia vimetupwa.

Nilipomvua Odeta mtandio nilijua hatakaa. Mkono wake niliuzungushia vidole viwili vikakutana.

Siku moja nilipokuwa namwogesha aliniambia, "Mama, huyu mtoto hatanikumbuka." Hakulia. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Mimi mwenyewe mama yangu alikufa nikiwa mdogo hivi. Nikifikiria sura yake naona giza tu. Nataka picha moja, mama. Moja, uso uonekane, basi."

Hebu fikiria. Nyumba ya mpiga picha, mtu aliyepiga nusu ya mkoa, na mkamwana wake hana hata picha ya kitambulisho. Kinyozi hajinyoi, ni kweli, lakini kwetu ilikuwa zaidi ya hapo. Baba mkwe na mkamwana, kwetu Wasukuma, wanaheshimiana kwa mbali. Hamtazami usoni, hampi mkono, hapiti karibu naye akila. Odeta, ingawa hakuwa Msukuma, aliishika heshima hiyo kuliko hata binti zetu. Akisikia kikohozi cha Nkwabi uani anajifunika kichwa na kuinamia chini. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu." Hayo ndiyo mazungumzo yao yote. Nkwabi angemweka lini kwenye stuli na kumgusa shavu?

Nilimwambia Nkwabi nimwite Nurudin, kijana mpole mwenye kamera aliyekuwa akizunguka Kirumba. Akakasirika. "Mgeni aje apige picha katika nyumba ya Nkwabi? Watu watasema nini?" Halafu akasema kwa sauti nyingine, "Nitapiga mimi. Nitakaa mbali. Mashine inaona yenyewe."

Tukachagua Alhamisi, asubuhi. Odeta hakuweza kutoka nje, upepo wa ziwani ulimkohoza, kwa hiyo tulimkalisha sebuleni kwenye kiti, mto nyuma ya mgongo. Nilimpaka mafuta usoni, nikamfunga kilemba vizuri, nikamweka Queen magotini pake. Ukuta nyuma yake ulikuwa mbaya, plasta imebanduka, imebaki tofali tupu. Nikaona haya picha ya mwisho ya mtu iwe na ukuta ule. Nikachukua khanga yangu mpya, nyeusi na nyeupe, ina maua makubwa na maneno WEMA HAUOZI, nikaigongomea misumari nyuma yake, nikaivuta mpaka ikanyooka. Nilirudi nyuma nikatazama, nikajipongeza.

Nkwabi aliingia akitazama sakafu. Odeta akainamisha kichwa. Nkwabi akaweka stendi mbali, karibu na mlango, akapapasa kamera, kisha akaniita pembeni na kuninong'oneza.

"Mama Yakobo, nimeleta uzi."

"Uzi wa nini?"

"Mimi siwezi kumkaribia. Wewe ushike, umguse nao shavuni, mimi nitahesabu huku. Niipige na ile kamera ya zamani, kwa mkono. Humu ndani mwanga mdogo."

Naikumbuka nafasi niliyokuwa nimesimama. Naukumbuka uzi mkononi mwake, umekunjwakunjwa. Na mimi, kwa ulimi wangu huu, nikamwambia, "Una wazimu? Mgonjwa umpime uzi? Mimi nishike uzi wa sanda usoni kwa mwanangu, naye anatuona?"

Maana kwetu mgonjwa hapimwi. Seremala wa majeneza tu ndiye anayepima mtu aliyelala. Utani wa studio ulikuwa utani kwa sababu aliyetania alikuwa mzima. Mle sebuleni, mbele ya mifupa ile, ule uzi haukuwa na mchezo tena. Kama jirani angechungulia angetangaza Kiseke nzima kwamba Nkwabi na mkewe wanampima mkwe wao kaburi.

"Una mashine ya Dubai," nikasema. "Si ulisema inaona yenyewe?"

Angeniambia palepale, kwa jina langu: Paskazia, mimi sioni. Maneno matatu tu. Ningelala chini nikashika uzi kwa meno. Lakini hakusema. Alirudisha uzi mfukoni, akafunga kamera mpya kwenye stendi, akainama kwenye kioo. Odeta aliona haya kutazamwa na baba mkwe, akaelemea pembeni kidogo, kichwa kimekwenda kushoto. Mimi niliona ameelemea. Niliona na nikafikiri anapendeza hivyo, ana haya ya kike. Lenzi ikazunguka, ikarudi, ikazunguka tena. Tii.

"Imeshika?" nikauliza.

"Taa imewaka."

Akapiga. Nikamwomba arudie mara moja zaidi, kwa usalama. Sijui nilipata wapi wazo hilo. Akanijibu, "Nkwabi harudii," na Odeta, maskini, akacheka. Alicheka mpaka pengo likaonekana, akasahau kuziba mdomo. Kamera ilikuwa imeshanyamaza.

Filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, na Nkwabi hakuwahi kupeleka filamu kusafishwa haijaisha. Ilikuwa ni sheria yake tangu kwa Mhindi: filamu haikatwi. Zilikuwa zimebaki kumi na moja. Siku hizo wateja walikuwa wa kuvizia. Odeta aliuliza mara mbili, picha imetoka? Nikamwambia bado kidogo, tunangoja filamu iishe. Alikufa Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, Queen anacheza na kikombe chini ya kitanda. Zilikuwa zimebaki tatu.

Picha hizo tatu Nkwabi alizimalizia msibani, akipiga mawe ya Kiseke, mawe matupu, ili filamu iishe.

Nilikwenda mimi kuzichukua kwenye duka la mjini. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama barabarani. Nilizipita za wateja haraka nikaikuta. Nilidhani nimeshika vibaya, nikaisogeza mbele, nikaisogeza nyuma. Khanga ilikuwa imetoka vizuri. Ilitoka vizuri sana, kila ua, kila nukta ya pindo, na WEMA HAUOZI unaweza kuyasoma kutoka ng'ambo ya barabara. Mbele yake palikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kama mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa sufuria. Kilemba unakihisi. Mtoto ni doa jeupe. Macho hakuna, pengo hakuna, uso hakuna.

Mashine ilifanya kazi yake. Kichwa cha Odeta kilikuwa kimetoka katikati, na pale katikati ilikuta maua meusi juu ya nguo nyeupe, niliyoyatundika na kuyanyoosha mimi mwenyewe. Ikayashika hayo, ikalia tii. Mtu mwenye macho angeona kwenye kioo. Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji.

Nkwabi alinisubiri mlangoni. Alichukua picha kwa mikono miwili, akaenda nayo dirishani, akaiinua mpaka karibu na pua. Nilikuwa nimeandaa la kumwambia, kali, la kumuumiza, kwa sababu mtu akiumia hutafuta wa kumuumiza. Akaitazama muda mrefu. Kisha akatabasamu.

"Katulia," akasema. "Eh? Macho yake yametulia."

Hapo ndipo nilipojua. Kiberiti cha nne, alama za kisu kwenye pete, sikio lake kwenye ile tii, vyote vikanijia pamoja. Mume wangu alikuwa kipofu na mimi nilikuwa nikimwandikia majina ya wateja.

"Imetoka?" akauliza. Sasa sauti yake ilikuwa na woga.

"Imetoka vizuri," nikasema.

Hilo ndilo kosa langu la pili. La kwanza ni uzi.

Akaitengenezea fremu ya mninga, akaitundika sebuleni palepale ulipokuwa ukuta mbovu. Mgeni akiingia tu, kabla hajakaa, Nkwabi anauliza, "Mmemwona mkamwana wangu?" Na mgeni anatazama ule ukungu, ananitazama mimi, ananiona nilivyomkazia macho, anasema, "Tumemwona, mzee. Kapendeza." Wote walisema hivyo, padri, jirani, Shaibu, Antoni. Antoni alitoka nje akakaa juu ya jiwe hakurudi ndani. Nilikuwa nimefundisha kata nzima kusema uongo.

Queen alikulia chini ya picha ile. Kila jioni kabla ya chakula babu yake alimnyanyua. "Mama yuko wapi?" Na mtoto anaweka kidole kwenye kioo. Alikiweka pembeni, juu, hakuwahi kukiweka kwenye lile doa la kahawia. Sikumrekebisha. Ningemwambia nini, kwamba mama ni ile sehemu isiyoonekana?

Studio tulifunga mwaka tisini na saba. Kiwanda kimoja cha samaki kilitupa kazi ya picha za vitambulisho vya wafanyakazi, zikatoka kuta kali na nyuso za ukungu, wakazirudisha zote. Nkwabi alisema mashine imeharibika njiani. Tukaishi kwa shamba langu la mihogo na kwa mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki viwandani.

Mwaka tisini na tisa lilisomwa tangazo kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja, wanatoa mtoto wa jicho bure. Nkwabi hakuwapo siku hiyo, alikuwa na homa. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala, sikusema neno. Nilikaa na tangazo lile siku sita. Nataka mlijue hili: siku sita nilimwacha mume wangu gizani ili asione picha. Nilifikiria kuivunja ile fremu, niseme imeanguka. Lakini Queen angeweka wapi kidole? Siku ya saba nikamshika mkono nikampeleka.

Walimpasua jicho moja, la kulia. Siku ya kumfungua bendeji nilivaa nilichokuwa nacho cha heshima. Njia nzima kutoka hospitali alikuwa akitaja vitu kama mtoto, ziwa lile, jiwe lile, mbuzi yule. Alinitazama akasema nimezeeka, nikamwambia nawe hujioni. Tulicheka. Nilicheka huku napunguza mwendo, maana nyumba ilikuwa inakaribia.

Aliingia ndani akaenda moja kwa moja ukutani. Alisimama. Akatoa leso mfukoni akafuta kioo. Akafuta tena, kwa nguvu. Akaitoa fremu kwenye msumari, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti ndogo, herufi baada ya herufi, "Wema hauozi." Nilingoja anipige. Hakuwahi kunipiga maishani, lakini siku hiyo nilingoja, na ningeshukuru.

"Mama Yakobo," akasema, bila kugeuka. "Nilikuomba ushike uzi."

"Uliniomba."

"Na wote wale waliokuja hapa."

"Niliwakataza mimi."

Akaketi kizingitini, fremu magotini, pale alipokuwa ameweka stendi siku ile. Odeta aliomba kitu kimoja tu katika nyumba ya mpiga picha, na sisi wawili, yeye kwa kuficha macho yake na mimi kwa kuficha ukuta wangu, tulimnyima. Hakuna duka la mjini linaloweza kuirudia picha ile, wala skrubu ya kuzungusha.

Queen alirudi kutoka chekechea, viatu mkononi. Akamwona babu yake kafunguliwa jicho, akapiga kelele, akamrukia shingoni. Kisha akaiona fremu magotini pake, akanigeukia mimi, akacheka kwa furaha kubwa na kunishika nguo.

"Babu, umeona?" akasema. "Leo bibi kamvaa mama."

Ndipo nilipojitazama. Nilikuwa nimevaa ile khanga. Maua yake yalikuwa yamefifia kwa kufuliwa, maneno yamekatika pindoni. Mtoto aliweka kidole juu ya ua moja begani kwangu, akaweka kidole kingine juu ya kioo, kwenye ua lilelile, kwa uhakika kabisa, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka mitatu.

Nkwabi akaninyanyulia lile jicho lake jipya, akaitazama khanga kuanzia bega hadi pindo, taratibu, bila kuruka kitu.

"Nimemwona," akamwambia mtoto.